Nyongeza ya Tisa

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Msidhani naogopa. Ni kwamba jina lenyewe lilibadilishwa katika sasisho la Ijumaa iliyopita, na hili jipya bado halijanikaa mdomoni. Lina herufi kumi na saba na alama ya mshangao mwishoni. Tumepewa bure.

Mimi ni mtumishi wa umma. Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kuandika Taarifa ya Masasisho, ile karatasi inayobandikwa kila Ijumaa asubuhi kwenye milango ya ofisi za kata, ili wananchi wajue serikali yao imewaongezea nini wiki hiyo. Nina dawati, nina kiti chenye magurudumu matatu, na nina mke anayesema kazi yangu ni ya aibu. Nitaeleza yaliyotokea katika mji wa Ubenani bila kumwonea mtu. Nimefundishwa kuandika bila kumwonea mtu, na ndiyo maana nimekawia hivi kusema kweli.

*

Zamani tulikuwa na mchezo wa mtandaoni ulioitwa Mji Wangu. Ulitungwa na bwana mmoja mpole, Injinia Faraji Pambalo, sebuleni kwake, na taifa zima likaucheza. Unajenga nyumba, unafuga bata, unafungua duka, unagombana na mtu wa mkoa mwingine usiyemjua kuhusu mpaka wa shamba lisilokuwepo. Kila Ijumaa kulikuwa na kitu kipya, bure: leo daraja, wiki ijayo soko, wiki nyingine aina mpya ya ndege. Na mara moja kwa mwaka Pambalo alitoa nyongeza ya kulipia, labda kisiwa kizima chenye watu wake na visa vyake. Aliyetaka alinunua. Asiyetaka alibaki na mji wake uleule, na haukupungua hata tofali moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ulikuwa mchezo wa haki. Mtu akikaa mwaka mzima akitunga kisiwa, acheni ale jasho lake. Sina ugomvi na hilo, na msije mkanisingizia.

Ugomvi ulianza Rais alipoona foleni. Wananchi waliokuwa wakijificha chini ya vitanda mtoza kodi akipita walikuwa wamejipanga barabarani, wamejipaka mafuta, wanacheka, wakisubiri kununua kisiwa. Rais akamwita Pambalo Ikulu.

"Hawa watu wanakulipa wewe kwa barabara ambayo haipo," alisema Rais. "Mimi wananinyima kwa barabara ambayo ipo. Unawafanyia nini?"

"Mheshimiwa, huwa nawapa kitu kidogo bure kila wiki."

"Kitu gani?"

"Chochote, Mheshimiwa. Hata rangi."

Rais alimaliza chai yake. Kisha akazifuta Wizara za Afya, Maji, Elimu na Ujenzi, akaunda moja tu, Wizara ya Maudhui, na Pambalo akawa waziri wake. Upole wake aliuacha sebuleni.

*

Tangu siku hiyo kila raia alihesabiwa kuwa amepewa, kwa kuzaliwa tu, Toleo la Msingi la nchi. Toleo la Msingi lina hewa, bendera, ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa, na barabara mpaka pale inapokatika. Yaliyobaki yalikuja kama nyongeza za kulipia. Nyongeza ya Kwanza ilikuwa maji. Mabomba tulikuwa nayo tangu enzi za babu zetu. Nyongeza ilikuwa maji yenyewe. Ya Tatu ilikuwa darasa la saba. Ya Tano ilikuwa malalamiko. Serikali yetu, mjue, hupimwa kwa nyota, na kila raia ana nyota tano za kutoa, bure. Asiyeridhika anaruhusiwa kabisa kutoa nyota moja, mbili, tatu au nne, ila hizo zimo ndani ya Nyongeza ya Tano. Rais hajawahi kupata chini ya nyota tano, na kila mwisho wa mwaka hututolea machozi ya shukrani kwenye televisheni.

Na bure? Bure ilikuja kila Ijumaa, kama ilivyoahidiwa. Niliiandika kwa mkono wangu:

"Kipya: Mabomba yote nchini yamepakwa rangi ya dhahabu. Kipya: King'ora cha zimamoto sasa kina sauti tamu zaidi. Mizani: Mabenchi ya zahanati yamepunguzwa kutoka kumi hadi matatu, ili kuleta uwiano kati ya waliokaa na waliosimama."

Gari la zimamoto lenyewe, kwa faida ya msomaji, limo katika Nyongeza ya Nne.

Liangalieni vizuri hilo neno mizani. Kila kitu tulichonyang'anywa kilichukuliwa kwa jina la mizani. Kilikaa ghalani miezi miwili, kikarudi kimepakwa rangi, kina jina jipya na kufuli. Hakuna kisiwa kilichotungwa. Hakuna aliyetoa jasho. Walikata mkono wa mtu, wakauvisha pete, wakamuuzia. Nilijua? Nilijua. Nilitafuta neno zuri la kuuelezea ule mkono, nikalipata, nikaenda kula chakula cha mchana.

Wananchi nao walipokea kwa heshima. Watu wetu wamelelewa vizuri. Kwetu mtu mwenye adabu hufika mbele ya mlango, hupiga hodi, na husimama hapohapo mpaka akaribishwe; anayezunguka nyuma ya nyumba ya watu ni mwizi au mwanga. Basi kila Ijumaa saa tatu asubuhi watu walisimama mbele ya mlango wa jengo lililosasishwa, wakapiga makofi, wakarudi makwao.

*

Zahanati ya Ubenani ilikuwa na wodi ya wazazi yenye vitanda sita. Mkunga wake, Sikudhani binti Mrope, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alikuwa amezalisha nusu ya mji humo ndani, pamoja na diwani, jambo analoliombea radhi mpaka leo.

Ijumaa moja niliandika: "Mizani: Wodi ya wazazi ya Ubenani imepumzishwa, ili kuleta uwiano kati ya wanaozaliwa na wanaokufa." Malori yakaja, yakabeba vitanda, mashuka, mitungi, hata ndoano ya kutundikia koti. Kwa muda wa miezi miwili Sikudhani alizalisha barazani, amezungushiwa kanga zilizoshikwa na majirani.

Kisha mafundi wa Wizara walikuja kutoka mji mkuu, wakaweka uzio wa mabati, na siku kumi baadaye jengo jipya likawa limesimama. Lilikuwa zuri. Mbele kulikuwa na mlango mkubwa wa kioo, na kupitia kioo hicho mtu yeyote aliweza kuona vitanda sita, rafu zimejaa vifaa, mtungi wa oksijeni, na mwisho kabisa ukuta wa samawati wenye dirisha na picha ya Rais akitabasamu. Juu ya mlango paliandikwa: NYONGEZA YA TISA: MWANZO MPYA. Mauzo yalianza siku hiyohiyo. Mlango ungefunguliwa baada ya wiki sita.

Waziri Pambalo alikuja mwenyewe kuzindua. Nilikuwa nyuma yake nimeshika daftari.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Leo hatuzindui wodi. Wodi ni neno la kizamani. Leo tunazindua tajriba ya kuzaliwa! Wapo wachache wanaouliza, kwa nini tulipie? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa! Na sisi tumeunda!"

Makofi yakapigwa. Sikudhani akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Waziri, kile kitanda cha tatu kutoka kushoto. Mguu wake umefungwa waya wa simu."

"Naam, mama. Umeona mbali."

"Ule waya niliufunga mimi, mwaka wa mafuriko."

Waziri alimgeukia msaidizi wake. Msaidizi akamnong'oneza. "Huo ni muundo, mama," akasema Waziri. "Ni muundo unaoenzi historia."

"Na yale mashuka yaliyoandikwa Zahanati ya Ubenani kwa uzi mwekundu? Na hiyo ndoano ya koti? Mheshimiwa, hivyo ni vitu vyetu. Mmetuibia halafu mnatuuzia."

Waziri akacheka kwa furaha ya kweli, akamshika Sikudhani bega, akamgeuza kuelekea kamera. "Mnamwona mama huyu? Ameipenda bidhaa mpaka anaiona ni yake! Hivi ndivyo nchi inavyopendwa!"

Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza. Katika taarifa niliandika: "Mwananchi mmoja alitoa maoni."

*

Tausi alikuwa akiuza vitumbua mbele ya zahanati, na mimba ile ilikuwa yake ya kwanza. Mumewe, Shukuru, alikuwa fundi cherehani. Nasema alikuwa, kwa sababu aliiuza cherehani ili wainunue Nyongeza ya Tisa mapema. Walionunua mapema walipewa zawadi: picha ya Waziri akiwa mtoto mchanga.

Uchungu ulimshika asubuhi ya Alhamisi, siku ileile ya kufunguliwa mlango. Majirani walisema huyo mtoto ana bahati. Mimi nilikuwapo kwa sababu nilitumwa kukusanya shukrani za wananchi wa kwanza kuingia. Nilifika nimenoa penseli mbili.

Tausi aliletwa akiwa ameegemezwa, Shukuru upande mmoja, Sikudhani upande wa pili. Akaweka kidole gumba kwenye kioo kama alivyoelekezwa. Sauti ya kike, laini kama ya mtangazaji wa salamu, ikatoka juu ya mlango.

"Karibu, Tausi! Nyongeza ya Tisa inahitaji Nyongeza ya Nane. Ungependa kuipata sasa?"

"Nyongeza ya Nane ni nini?" Shukuru akaniuliza, maana nilikuwa nimevaa kitambulisho.

Nikamwambia. Nyongeza ya Nane ilikuwa taa za barabarani za mkoa wa kaskazini, safari ya siku mbili kutoka pale.

Alikimbia. Ubenani si mji wa matajiri, lakini ndani ya saa moja walikuwa wamechanga, muuza mkaa na kinyozi na wanawake wa kikundi cha kufa na kuzikana, wakamnunulia Tausi taa za barabara ambayo hataiona maishani. Akaweka kidole tena.

"Hongera, Tausi! Uko kwenye foleni. Wananchi elfu nne mia mbili na kumi na moja wako mbele yako. Asante kwa uvumilivu wako."

Tukatazama mbele. Mbele ya Tausi kulikuwa na kioo, na chini ya kioo kulikuwa na kuku.

"Foleni iko wapi?" Sikudhani alimuuliza mlinzi, Bwana Nyangasa.

"Ni ya nchi nzima, mama. Leo milango yote imefunguliwa pamoja. Wengine wameingia kwenye foleni kuangalia tu."

"Fungua huu mlango, Nyangasa. Nimekuzalishia watoto wanne."

"Mama yangu, ningekuwa na ufunguo ningekupa na mkono wangu. Huu mlango hauna ufunguo. Una akaunti."

Walisubiri. Jamani, walisubiri! Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Kila baada ya dakika kumi ile sauti ilitaja namba mpya na kumshukuru Tausi kwa uvumilivu, na Tausi yuko chini kwenye mkeka, ameuma upindo wa kanga. Shukuru alilirusha jiwe la mafiga kwenye kioo. Likarudi, karibu limvunje mguu. Kilikuwa kioo cha kuzuia risasi, kilichosalia gari la Rais lilipotengenezwa.

Saa saba mchana mtoto alizaliwa pale mlangoni. Msichana. Hakulia.

Sikudhani alimkausha, akamsugua mgongo, akampigapiga nyayo, akampulizia kwa mdomo wake. Akainua kichwa mara moja akatazama kupitia kioo, nasi sote tukatazama alipotazama. Rafu ya pili, karibu na mtungi, kulikuwa na mfuko mdogo wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Ulikuwa hatua tano kutoka kwake.

"Wewe wa daftari!" alinipigia kelele bila kuacha kazi yake. "Zunguka nyuma, tafuta nondo, tafuta chochote cha chuma, tuvunje!"

Nikakimbia. Nyuma kulikuwa na ule uzio wa mabati, umechorwa akina mama wanaocheka. Nilisukuma bati moja nikaingia, nikitafuta nondo.

Hakukuwa na ukuta.

Sisemi ulikuwa umebomoka. Haukuwahi kujengwa. Upande mzima wa nyuma ulikuwa wazi, na ule ukuta wa samawati tuliokuwa tukiuona kutoka mbele, wenye dirisha na tabasamu la Rais, ulikuwa pazia la kitambaa lililopakwa rangi. Mbuzi alikuwa amesimama hapo akitafuna ncha ya kitambaa. Nililiinua kwa mkono mmoja nikaingia wodini.

Nikauchukua mfuko. Nikakimbilia mlango wa kioo, kwa sababu huko ndiko walikokuwa. Kutoka ndani nao haukufunguka. Nilisimama pale, mfuko mkononi, na upande wa pili wa kioo Tausi alinitazama. Alidhani foleni imefika. Nikaona uso wake ukifurahi. Nilimwona akifurahi, na sina maneno ya Wizara ya kulifunika hilo.

Nilipozunguka tena na kufika, Sikudhani aliupokea mfuko bila kuniangalia, akaukamua, akaukamua, akaukamua. Shukuru alikuwa akihesabu kwa sauti, sijui alikuwa akihesabu nini. Baada ya muda mrefu mkunga aliuweka mfuko chini taratibu.

"Wananchi elfu moja mia tisa na sita wako mbele yako," ilisema ile sauti.

*

Jioni ile nilimpigia simu Waziri. Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa utulivu wa fundi anayeambiwa bomba linavuja.

"Ndiyo, wale vijana wangu wametoka kwenye ule mchezo," alisema. "Kwenye mchezo, upande ambao mchezaji hauoni haujengwi. Ni kupoteza nguvu bure. Na mchezaji haendi nyuma ya jengo."

"Mheshimiwa, wodi ilikuwa wazi wiki zote sita."

"Na nani aliingia?" aliuliza. "Unaona? Hakuna."

Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Alisema kweli. Wiki sita Sikudhani amezalishia barazani, na vitanda vyake viko hatua thelathini, hakuna mlango, hakuna kufuli, mbuzi anaingia na kutoka. Kwa muda wa saa tatu Tausi amelala mbele ya kioo, na sisi wote, watu wenye adabu, tumesimama mahali pa kupigia hodi. Walituibia wodi wakajua hatutaizunguka. Walitujua kuliko tunavyojijua, na walaaniwe kwa kutujua hivyo, na sisi tulaaniwe kidogo pia.

Mtoto alizikwa Ijumaa. Hakupewa jina kwenye cheti, kwa kuwa cheti ni cha wanaozaliwa ndani.

*

Serikali haikuwahi kuchukua hatua kwa haraka kama ile. Kabla wiki haijaisha nililetewa maneno tayari, nikaambiwa niyapambe tu: "Kipya: Kwa maombi ya wananchi, Nyongeza ya Tisa katika mji wa Ubenani imeongezewa ukuta wa nyuma. Sasisho hili ni la bure kwa raia wote."

Niliandika. Nikaibeba karatasi na gundi, nikapanda lori la matofali pamoja na mafundi, wale waliojenga mara ya kwanza. Kiongozi wao aliitwa Mbaruku, mtu mwema, njia nzima alinigawia karanga.

Tulifika saa tatu asubuhi ya Ijumaa iliyofuata. Mbele ya mlango wa kioo watu wachache, wengi wao wazee, walikuwa wameshaanza makofi. Mafundi wakashusha matofali nyuma. Lile pazia lilikuwa limeshushwa na kukunjwa vizuri. Wodi ilikuwa kazini. Kwenye kitanda cha kwanza kulikuwa na mama aliyejifungua Jumatatu, cha pili kilikuwa kitupu, na aliyejifungua Jumatano alikuwa kwenye cha tano, amelala. Sikudhani alikuwa akichemsha vifaa. Na kwenye ukingo wa sakafu, pale ukuta ulipotakiwa kuanzia, wanawake wa Ubenani walikuwa wameketi bega kwa bega kutoka kona hadi kona. Tausi alikuwa katikati yao.

"Shikamoo mama," Mbaruku alimwamkia Sikudhani.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunaomba mtupishe kidogo. Tumeleta sasisho."

Hakuna aliyenyanyuka. Tausi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, kama anayeulizia bei ya unga.

"La kulipia?"

"Hapana, dada yangu. Hili ni la bure kabisa."

"Basi lirudisheni," alisema Tausi. "Cha bure mlichonipa nimeshakizika."

Mbaruku alikuwa ameshika tofali. Alibaki nalo muda mrefu, mpaka makofi ya kule mbele yakaisha. Kisha akaliweka chini, akawapita wale wanawake kwa kuwaomba radhi mmoja mmoja, akaketi kwenye kitanda kile kitupu na kuanza kulia mbele ya vibarua wake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na yeye pia alikuwa ameshalipia.